Kiingereza cha Salamu na Kiingereza cha Amri Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Misemo ya kila siku ya Kiingereza haikuingia mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa kwa njia ya serikali, bali kwa njia ya maji, kwani Ilala, meli ya mvuke ya misheni ya Waskoti ya Livingstonia, ilianza safari zake ziwani mwaka 1875, na baadaye Kampuni ya Maziwa ya Afrika, iliyoundwa mwaka 1878 ili biashara iende sambamba na Injili, ikaweka kituo Karonga. Mkataba wa Julai 1890 baina ya Uingereza na Ujerumani uliufanya Mto Songwe kuwa mpaka, na hivyo Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga, ambao lugha zao zinasikilizana, wakaangukia mikononi mwa watawala wawili: kusini Waskoti walifundisha Kiingereza, ilhali kaskazini wamisionari wa Kijerumani wa Berlin na wa Moraviani, waliofika mwaka 1891, walihubiri kwa Kinyakyusa.

Majeshi ya Waingereza yalipoiteka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo, Mei 1916, Kiingereza kilivuka Songwe kikiwa lugha ya ofisi, lakini shule za Tanganyika ziliendelea kufundisha madarasa ya chini kwa Kiswahili. Kwa vijana wengi, kwa hiyo, mwalimu wa kwanza wa Kiingereza alikuwa msimamizi wa kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, au katika migodi ya Afrika Kusini, ambako amri zilitolewa kwa Kifanakalo, lugha ya kazi iliyochanganya Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana. Haishangazi kwamba Kiingereza cha namna hiyo kilikuwa na maneno mengi ya kuhimiza na kukemea, na machache mno ya kusalimu.

Shule ilifundisha kinyume chake: salamu kwanza. Hapo ndipo ugumu halisi ulipo, na vitabu vya mwanzo huupita haraka. Kinyakyusa humsalimu mtu kwa kumuuliza alivyolala, «ugonile», na mkubwa husalimiwa kwa wingi, «mugonile», ili heshima isikike ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza cha leo hakina wingi huo wa heshima. Ndiyo maana «sir» na «madam», yanayoongezwa mwishoni mwa salamu, hubeba mzigo wote wa adabu. Aidha, «How are you?» mara nyingi si swali linalotaka habari, bali ni salamu inayojibiwa kwa neno moja au mawili, jambo ambalo mtu aliyezoea kuulizwa habari za nyumbani, za watoto na za mashamba ya mpunga huweza kuliona kuwa ubaridi.

Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, Kiingereza kimebaki kama somo tu katika shule nyingi kati ya hizo. Watunzi wa vitabu vya somo hilo wangefanya vyema kueleza kwanza namna kila lugha inavyomheshimu mkubwa, kabla ya kumpa mwanafunzi orodha ya misemo ya kukariri.