Maili Iliyozaa Mailo

Neno mailo, litumikalo na Waganda kutaja ardhi yenye hati ya kudumu, asili yake ni kipimo: maili ya mraba. Lilitokana na Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900. Mkataba huo ulikadiria Buganda kuwa na maili za mraba 19,600, ukawatengea machifu na wamiliki wengine 1,000 maili 8,000. Hivyo ardhi iligawanywa katika karatasi kabla ya mipaka yake kupimwa, na upimaji ukaendelea hadi 1936.

Atafutaye mipaka hiyo leo aweza kufika Entebbe, kwenye Idara ya Upimaji na Ramani. Kisha aende ofisi ya ardhi, kama ile ya Kampala, ambako kumbukumbu zimeingizwa katika kompyuta. Ufunguo wake ni namba ya kitalu na ya kiwanja.

Hata hivyo, ramani haisemi yote. Humwonyesha mwenye hati, wala haimwonyeshi mkulima wa kibanja aishiye juu ya ardhi hiyohiyo, ambaye haki yake ililindwa na sheria ya 1928, na tena na Sheria ya Ardhi ya 1998. Asomaye ramani peke yake aweza kudhani pale hapana mtu.

Basi tufundishapo neno maili, tuwaeleze wanafunzi wetu kwamba kipimo chaweza kugeuka milki, na kwamba mistari ya ramani sharti isomwe pamoja na maneno ya wenyeji.