Hesabu za Simu Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa
M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu ya kitochi ya mkulima wa kahawa wa Mbinga ilituma tarakimu tu, na hesabu yote ikafanywa na seva, yaani kompyuta ya mbali inayohudumia simu nyingi (kwa mfano, seva za M-Pesa ya Kenya zilikaa Ujerumani hadi 2015), hivyo mtandao ulipokatika, fedha hazikufikika. Muongo mmoja hivi baadaye, programu ya Nuru, iliyobuniwa na mradi wa PlantVillage pamoja na IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo, iliiwezesha simujanja yenyewe kuchunguza jani la muhogo lililo mbele ya kamera na kutambua ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia bila intaneti. Mwambao wa Nyasa, unaotegemea muhogo kwa chakula, unastahili zaidi teknolojia ya namna hii, isiyosubiri mtandao, kuliko ile inayotegemea seva.