Maji ya Uluguru Ndani ya Rejeta

Desturi ya kujaza rejeta maji ya mto ilikuwa na mantiki yake Morogoro. Reli ilipofika mwaka 1907, treni za mvuke zenyewe ziliishi kwa maji, na milima ya Uluguru haikuwa na uhaba wa vijito. Baada ya Novemba 1965, Rhodesia ilipojitangazia uhuru na Zambia ikakosa mafuta, malori yaliyoipelekea mafuta hayo yalipita hapa katika safari ndefu ya barabara ya vumbi, na dumu la maji la utingo liliokoa safari nyingi. Injini zilikuwa za chuma kizito. Rejeta za shaba zilizibwa matundu na fundi wa kando ya njia.

Hata leo wapo wanaoshikilia kwamba kulanti, kipozeo cha injini kinachowekwa badala ya maji matupu, ni ya nchi za barafu. Hiyo ni nusu ya kazi yake. Glaikoli iliyomo ndani yake hupandisha pia kiwango cha kuchemka, na viambato vingine vya kulanti huzuia kutu. Nazo injini nyingi za leo zina alumini, inayoliwa na maji yenye chumvichumvi. Gari linalopanda Uluguru kwenda Mgeta kwa gia nzito hupata upepo mdogo, basi linaihitaji kulanti zaidi. Bei inauma, nakubali, lakini kulanti nzito huchanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, na hudumu miaka kadhaa.