Waliokuja Kufundisha, Wakarudi Kuandika

Mwezi Oktoba 1961, mjini Ibadan, Nigeria, binti wa Kimarekani wa miaka 23 aitwaye Margery Michelmore alimwandikia mpenzi wake kadi ya posta. Alikuwa mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la kutuma watu kujitolea ng'ambo, ambalo wakati huo halikuwa limetimiza hata mwaka. Katika nafasi ile finyu ya kadi alieleza alivyoshtushwa na umaskini wa mji, na jinsi watu walivyopika, walivyouza na kuendesha maisha yao barabarani. Kadi ilimponyoka kabla ya kufika posta. Ikaokotwa, ikanakiliwa, ikasambazwa katika mabweni ya chuo kikuu, na wanafunzi wakaandamana. Wenzake wakasusiwa. Michelmore alipandishwa ndege akaondoka Nigeria.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi Marekani kama fedheha ya ujana. Mimi nakiona kuwa na uzito mwingine. Ni moja ya nafasi chache ambapo wenyeji walisoma walichoandikiwa mgongoni mwao, na wakajibu hapo hapo. Tangu mwaka ule waliojitolea ng'ambo wamerudi makwao na kuandika mamia ya vitabu vya kumbukumbu kuhusu vijiji, shule na watu wa nchi kama yetu. Vitabu hivyo huchapishwa mbali, husomwa mbali, na wanaotajwa ndani yake aghalabu hufariki bila kuviona.

Nimelelewa Mombasa, upande wa Likoni, na hapa Bofu ukikaa barazani na watu waliosoma sekondari miaka ya 1960 na 1970, hukosi anayemkumbuka mwalimu wa kizungu aliyekaa miaka miwili kisha akaaga. Miaka hiyo, mwalimu aliyepangiwa shule ya Kwale au Msambweni akitokea kisiwani alivuka kwa feri kama sisi sote, akashika njia ya kusini na sanduku lake. Wanafunzi wake wanamkumbuka vizuri: jinsi alivyotamka majina yao, alivyocheza mpira peku, alivyougua malaria. Yeye naye huenda anawakumbuka. Tofauti ni kwamba kumbukumbu zake zina rafu ya kuwekwa.

Tuanzie mwanzo. Waingereza waliwatangulia Wamarekani: mwaka 1958 Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha VSO, shirika la Kiingereza la kujitolea, wakaanza kwa kuwatuma vijana waliotoka tu shule. Rais John Kennedy alitia saini amri ya kuunda Peace Corps tarehe 1 Machi 1961, na mwezi uliofuata akatangaza kwamba mradi wa kwanza ungekuwa Tanganyika. Ghana ilipata bahati ya kupokea kundi la kwanza Agosti mwaka huo, lakini waliokusudiwa Tanganyika hawakuchelewa. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walifunzwa El Paso huko Texas, wakapelekwa kambi ya Puerto Rico kukomazwa viungo, na walipofika Afrika wakaendelea na mafunzo Tengeru, karibu na Arusha. Bendera ya Mwingereza ilikuwa bado inapepea Dar es Salaam.

Kenya na Uganda zilifungua milango mwaka 1964, na Japani ikaanza kutuma vijana wake Kenya mwaka 1966. Haja ilikuwa kubwa. Tulipopata uhuru mwaka 1963, nchi nzima ilikuwa na shule za sekondari 151 na wanafunzi wapatao 30,000. Wazazi hawakungoja serikali. Walichanga shilingi, mbuzi, mawe na mchanga, wakajenga shule za harambee, na punde shule hizo zikazipita za serikali kwa idadi. Jengo lilisimama, madawati yakaja, mwalimu hakuna. Hapo ndipo kijana aliyetoka Ohio au Leeds, pengine hajawahi kushika chaki, aliposimamishwa mbele ya kidato cha pili afundishe hisabati, Kiingereza na jiografia kwa pamoja. Katika nusu karne iliyofuata zaidi ya Wamarekani 5,000 walitumikia Kenya chini ya Peace Corps, hadi mpango huo uliposimamishwa mwaka 2014 kwa sababu za usalama.

Vitabu vilianza mapema. Mwaka 1965 Arnold Zeitlin, aliyekuwa katika kundi lile la kwanza la Ghana, alichapisha chake. Miaka miwili baadaye Leonard Levitt, aliyefundisha Tanganyika, akatoa An African Season. Vilivyofuata, na nimesoma vya kutosha kusema hivi, vina njia moja inayojulikana: kuwasili usiku, hofu ya choo cha shimo, somo la kwanza lililoharibika, homa, upweke wa Krismasi, rafiki mmoja wa kijijini anayemfungua macho mgeni, kisha machozi ya kuagana. Baadhi ni vizuri mno. Mike Tidwell, aliyefundisha wakulima wa Kasai, Zaire, kufuga samaki katika mabwawa, aliandika mwaka 1990 kitabu ambacho ndani yake mkulima anayechimba bwawa kwa jembe ana uzito kuliko mwandishi mwenyewe. Wachache wamefika hapo.

Lakini anayetuhusu zaidi ni Paul Theroux, kwa kuwa njia yake inapita kwetu. Alikuja Malawi mwaka 1963 kama mwalimu wa Peace Corps. Mwaka 1965 alifukuzwa nchini na shirika likamwachisha kazi, baada ya kumsaidia David Rubadiri, ambaye alikuwa amekosana na serikali ya Kamuzu Banda, kiongozi wa Malawi. Waliosoma fasihi katika sekondari zetu wanamjua Rubadiri: ndiye mshairi wa Stanley Meets Mutesa. Theroux akahamia Kampala, akafundisha chuo cha Makerere hadi 1968, enzi ambapo jarida la Transition la Rajat Neogy lilikuwa kama uwanja wa mieleka wa fikra za Afrika Mashariki nzima. Humo, mwaka 1967, alichapisha makala makali kuhusu wazungu wenzake, akiwafananisha na Tarzan: watu waliokuja Afrika kwa sababu hapa ngozi yao pekee iliwapa ukubwa. Ni maandishi ambayo ningependa kila anayejiandaa kuja kujitolea ayasome kabla ya kufunga mzigo.

Kampala huko huko alimwoa Anne Castle, Mwingereza aliyekuja Kenya na VSO kufundisha shule ya wasichana. Mwaka 1969 Theroux alitoa riwaya, Girls at Play, iliyowekwa katika shule ya wasichana nchini Kenya, ambamo mwalimu wa Peace Corps ni mmoja wa wahusika. Ni riwaya ya walimu wa kizungu wanaotafunana wao kwa wao. Anne mwenyewe alichapisha kumbukumbu zake mwaka 2021, nazo zinahusu zaidi kuvunjika kwa ndoa yake. Nimejiuliza mara nyingi wale wanafunzi wa Anne walikuwa akina nani. Walikaa darasani mbele ya mwalimu ambaye maisha yake yamo katika vitabu viwili angalau, na wao hawamo.

Mwaka 2001 Theroux alirudi, akasafiri kutoka Cairo hadi Cape Town. Kaskazini mwa Kenya lori alilodandia lilifyatuliwa risasi na majambazi. Alipofika shule yake ya zamani Malawi aliikuta imechakaa, maktaba imeporwa, na katika Dark Star Safari, kitabu kilichotoka mwaka 2002, akahukumu kwamba misaada ya miongo minne haikuzaa kitu, pengine iliharibu. Hukumu hiyo imenukuliwa sana. Mimi siikubali yote. Aliipima shule kwa paa na rafu za vitabu, vitu ambavyo mpita njia huviona kwa jicho. Waliosoma chini ya paa lile, wakawa wauguzi, makarani wa bandari, walimu wa watoto wa wengine, hakukaa nao hata juma moja awaulize. Mwanafunzi mmoja wa zamani angeandika sura moja tu, mizani ya kitabu kile ingebadilika.

Desturi hii ya kuja, kurudi na kuandika ina mizizi mirefu pwani hii kuliko Peace Corps. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine bara ya kaskazini mwaka huo huo, akahamia Rabai, kisha akarudi Ulaya na kuchapisha kumbukumbu ya safari zake, ambayo kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1860. Charles New, mmisionari wa Ribe, naye akatoa yake mwaka 1873. Hawa walikuja kubadili dini za watu, na dharau imo katika kurasa zao. Hata hivyo waliandika majina. Kwa Krapf tunamjua Mringe, Mmijikenda aliyebatizwa akiwa mahututi, na tunajua walizungumza nini. Kumbukumbu za siku hizi hubadili majina ya wenyeji ili kuwasitiri. Naielewa sababu, ni ya heshima, lakini matokeo yake ni kwamba mjukuu wa leo anaweza kumtafuta babu yake katika kitabu cha mwaka 1860 na asimpate katika cha 1990.

Wenzetu hao wa Peace Corps wamejipanga kutunza kumbukumbu zao. Mwaka 1989 John Coyne na Marian Haley Beil, wote waliotumikia Ethiopia, walianzisha jarida la kufuatilia vitabu vya waliorudi. Mwaka 1999 Robert Klein, wa kundi la kwanza la Ghana, alianza kuwarekodi kwa sauti, na kanda hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kennedy mjini Boston. Chuo cha American University huko Washington kinakusanya barua na picha zao. Barua hizo zimejaa Afrika Mashariki: bei ya mahindi, mgomo wa shule, mafuriko, ugomvi wa mwalimu mkuu na bodi. Ni historia yetu ya elimu imelala katika masanduku ya watu wengine, na mtafiti wa Mombasa anayeitaka hana budi kuomba viza.

Nusu ya pili ya historia hiyo iko hapa, na wenye nayo wanapungua kila mwaka; aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 1965 sasa ana miaka zaidi ya sabini. Maswali ya kuwauliza si magumu, na simu ya mkononi inatosha kuyarekodi kwa Kiswahili chao wenyewe. Nani alimfundisha mwalimu yule Kiswahili, na nani alimpikia? Alilipa kodi kwa nani? Alikosea nini darasani mkacheka baadaye? Kitabu gani alikuachia, na kiko wapi sasa? Alipoondoka, nani alikuja kufundisha, au mlikaa muhula mzima bila mwalimu? Aliwahi kukuandikia, ukajibu, na barua hizo ziko katika kasha la nani?