Mkasi Ulikuwa wa Nani? Historia ya Uhariri wa Filamu Tanganyika na Tanzania kwa Mtazamo wa Msamala, Songea

Utangulizi

Kata ya Msamala imo ndani ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma, umbali wa takribani kilomita 950 kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Historia ya filamu nchini kwa kawaida husimuliwa kutoka Dar es Salaam, penye kumbi kubwa za sinema, ofisi za kampuni na vituo vya televisheni. Insha hii inaitazama historia hiyo kutoka upande wa pili, yaani mahali ambapo filamu ilifika ikiwa imekwisha kukatwa na kuungwa. Mtazamaji wa Songea alipokea kazi iliyokamilika. Maamuzi ya kipi kibaki, kipi kiondolewe na kipi kitangulie yalikuwa yamefanyika kwingine.

Uhariri wa filamu ni kazi ya kuchagua vipande vya picha, kuamua urefu wa kila kimoja, na kuvipanga hadi vilete maana. Wakati wa ukanda wa selulosi kazi hiyo ilifanywa kwa mkasi na gundi; leo hufanywa kwa programu ya kompyuta au ya simu. Hoja kuu ya insha hii ni kwamba, katika historia ya Tanganyika na Tanzania, swali la nani alishika mkasi, na aliushikia wapi, lina uzito sawa na swali la nani alishika kamera au nani alionekana mbele yake.

Vugiri, 1935–1937

Jaribio la kwanza kubwa la kutengeneza filamu kwa ajili ya watazamaji Waafrika wa Afrika Mashariki lilifanyika Vugiri, katika milima ya Usambara. Mradi huo, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ulianzishwa kupitia Baraza la Kimataifa la Misheni kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. J. Merle Davis alikuwa mkurugenzi mkuu, L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji, na G. C. Latham alishughulikia upande wa elimu. Kati ya mwaka 1935 na 1937 zilitengenezwa filamu zipatazo 35, kuhusu mada kama kilimo, afya, kodi na uwekaji wa akiba.

Filamu za Vugiri zilipigwa katika ukanda wa milimita 16 usio na sauti, na maneno yakarekodiwa katika santuri iliyochezwa sambamba na picha. Njia hiyo ilikuwa nafuu, na iliruhusu picha zilezile kupewa maneno ya lugha tofauti kila zilipovuka mpaka wa lugha. Hata hivyo, ilimfunga mhariri. Ukanda ulipokatika na kipande kikaondolewa katika kuuunga, santuri haikupungua kwa kiasi hichohicho. Tangu hapo maneno na picha viliachana. Kwa hiyo maana ya filamu ilitegemea pia mikono ya waliouendesha mtambo wa kuonyeshea.

Pamoja na kasoro hizo, Vugiri ilikuwa na jambo moja ambalo halikurudi kwa muda mrefu: picha zilizopigwa Tanganyika zilishughulikiwa humohumo nchini. Mwaka 1937 serikali za makoloni hazikukubali kubeba gharama za kuuendeleza mradi, nao ukafungwa. Mwaka huohuo Notcutt na Latham walichapisha taarifa yao, ambayo hadi leo ni chanzo muhimu kwa mtafiti, ingawa inawaeleza watazamaji kwa macho ya waandaaji zaidi kuliko kwa kauli za watazamaji wenyewe.

London na Nadharia ya Mwendo wa Pole

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Colonial Film Unit, chini ya William Sellers. Katika miaka ya vita ulianzishwa mpango ambao maofisa na watu wengine makoloni walipewa kamera na mikanda mitupu. Wao walipiga picha, kisha mikanda ikasafirishwa kwenda London kusafishwa na kuhaririwa. Hapa ndipo mkasi ulipotengana na kamera. Aliyeliona tukio hakuwa tena mwenye kauli ya mwisho juu ya mpangilio wake.

Uhariri huo uliongozwa na nadharia iliyoamini kwamba Mwafrika wa mashambani hawezi kufuata filamu ya kawaida. Sellers alisisitiza vipande virefu, mwendo wa pole, kuepuka hila za kamera, na mfululizo usioruka hatua yoyote. Maandiko ya zama hizo yalirudia kisa cha watazamaji walioonyeshwa mbu aliyekuzwa kwenye kiambaza, wakasema kwamba kwao hakuna mbu wakubwa kiasi hicho. Wanahistoria wa baadaye wamekihoji kisa hicho, kwa kuwa kilisimuliwa mara nyingi kuliko kilivyothibitishwa, na kwa kuwa kauli yenyewe inaweza kusomwa kama mzaha.

Ushahidi wa kuipinga nadharia hiyo ulikuwepo katika miji ya Waswahili wakati uleule. Utafiti wa Laura Fair, uliochapishwa mwaka 2018, unaonyesha jinsi watazamaji wa Zanzibar na Tanganyika walivyozipenda filamu za Kihindi, hasa Awara ya mwaka 1951, yenye ndoto, nyimbo na mikato ya haraka. Watazamaji hao walizifuata filamu hizo kikamilifu, na wengi wao hawakujua Kihindi. Basi mwendo wa pole ulikuwa uamuzi wa mhariri aliyewadhania watazamaji ambao hakuwauliza.

Mwana wa Songea mbele ya Kamera

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, serikali ya Tanganyika ilishirikiana na African Film Productions, kampuni ya Johannesburg, kutengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili. Miongoni mwake ni Muhogo Mchungu na Chalo Amerudi. Mwigizaji aliyejulikana zaidi katika filamu hizo alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyezaliwa mwaka 1926 katika Wilaya ya Songea ya wakati huo. Kawawa aliingia baadaye katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, na mwezi Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Kwa historia ya Songea, jambo hili lina maana pana kuliko sifa ya mtu mmoja. Sura, sauti na lugha vilikuwa vya wenyeji, na filamu zilichekesha badala ya kuhubiri tu. Lakini mradi ulikuwa wa serikali ya kikoloni na kampuni ilikuwa ya kigeni. Mwafrika alikuwa amepata nafasi mbele ya kamera kabla ya kuipata kwenye meza ya uhariri.

Baada ya Uhuru

Kampuni ya Filamu Tanzania ilianzishwa mwaka 1968, Kawawa akiwa Makamu wa Pili wa Rais. Taasisi ya vielelezo vya sauti na picha ilifuata mwaka 1974. Lengo lilikuwa kuurudisha mkasi nyumbani. Katika miaka ya 1970 kampuni ilitoa Fimbo ya Mnyonge, filamu ya kuhimiza ujamaa. Mwaka 1985 ikashiriki kutengeneza Arusi ya Mariamu, iliyohusu tiba ya jadi. Hata hivyo, mikanda na vipuri vilihitaji fedha za kigeni, nazo zilikuwa adimu sana baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Filamu zilizokamilika zikawa chache.

Zaidi ya gharama, lilikuwepo suala la uteuzi. Wilaya ya Songea ilikuwa na historia yake ya ujamaa: kijiji cha Litowa na Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, kilichovunjwa mwezi Septemba 1969. Mtafiti wa filamu za ujamaa hana budi kuuliza ni ujamaa upi uliopata nafasi katika ukanda, na upi ulioachwa nje. Mkasi kurudi nchini hakukumaanisha kwamba umemfikia kila mwananchi.

Video, Usimulizi na Uhuishaji

Video ilivunja utaratibu huo. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 ni miongoni mwa zilizofungua njia ya soko la filamu za video za Kiswahili. Wakati huohuo walijitokeza wasimulizi, akiwemo Lufufu, ambao walitia sauti zao juu ya filamu za kigeni, wakafasiri, wakafafanua na kutania. Kazi hiyo ilikuwa uhariri wa sauti: kama santuri za Vugiri, picha ilibaki ileile na maneno yakabadilika, ila safari hii aliyechagua maneno alikuwa Mswahili mwenyewe.

Uhuishaji nao umeirudia kazi ya kuelimisha iliyoanza Usambara. Mwaka 2014 televisheni ya taifa ilianza kurusha Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa Dar es Salaam kufundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Inafundisha kwa nyimbo, vichekesho na mikato ya haraka, mambo yaleyale ambayo nadharia ya Sellers iliyakwepa.

Hitimisho

Safari ya mkasi kutoka Vugiri hadi London, kisha Dar es Salaam, na sasa hadi katika simu ya kijana wa Msamala, ni historia ya mamlaka ya kupanga maana. Kifaa kimesogea karibu. Mafunzo na hifadhi bado havijasogea kwa kasi hiyo. Sehemu kubwa ya filamu za ukoloni imehifadhiwa Uingereza, na mhariri chipukizi wa Songea hana namna rahisi ya kuona jinsi mkoa wake ulivyokatwa na kuungwa na wengine. Hadi nakala hizo zitakapopatikana nchini, atakuwa na mkasi mkononi, lakini vipande vya historia yake vitaendelea kuwa mbali naye.