Kipoza oili, na filta iliyohama

Bibi yangu hakunywa chai kikombeni. Aliimimina kwenye kisahani, akakiinua kwa vidole vya mikono miwili, akaipuliza mara mbili tatu, ndipo akanywa. Chai ile ilikuwa bado ya moto, ila ukali umepungua na sasa inanyweka. Ukimuuliza anafanya nini, jibu lilikuwa moja: "Naipoza, mjukuu wangu." Kitenzi hicho cha jikoni ndicho ninachokitetea katika makala haya, kwa sababu kinatupa jina sahihi la kifaa cha gari ambacho wengi wetu tunakiita kwa jina la kukopa. Jina ninalolipendekeza ni kipoza oili.

Kipoza oili kinapunguza joto la oili ya injini. Umbo lake la kawaida ni la rejeta ndogo: vijia vyembamba vya alumini vilivyopangwa safu kwa safu, na katikati yake mapezi mepesi kama karatasi. Pampu inasukuma oili ya moto ndani ya vijia, upepo unapita kati ya mapezi na kuondoka na joto. Ni kanuni ya kisahani. Kitu cha moto kikitandazwa, hewa inakigusa sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Gereji nyingi hukiita "oili kula", yaani neno la Kiingereza lililovishwa sauti zetu. Kukopa si kosa; rejeta, filta na pistoni ni maneno ya kukopa na yametulia. Tatizo la "kula" ni kwamba Kiswahili cha gereji tayari kina "kula oili". Gari linalokula oili ni lile ambalo oili yake inapungua kwa kuungua ndani ya silinda. Niliwahi kumsikia fundi akimwambia mteja kwamba gari lake lina shida ya oili kula. Mteja akaanza kuulizia bei ya ringi za pistoni. Fundi alikuwa na maana kwamba kifaa kimepasuka na kinavuja. Walizungumza dakika nzima, kila mmoja akiwa na ugonjwa wake kichwani, hadi fundi alipomshika mkono akamwonyesha tone likidondoka nyuma ya bampa.

Jina la pili ni "rejeta ya oili". Hili linaeleweka upesi na linachora umbo vizuri, lakini linakwama pale umbo linapobadilika. Magari mengi yana kipoza cha aina nyingine: kidude kifupi kilichobanwa kati ya filta na bloku, ambamo oili hupita upande mmoja na maji ya injini upande mwingine bila kuchanganyika. Hakina mapezi wala hakipigwi na upepo. Kukiita rejeta ni kumpeleka mtu akakitafute mbele ya gari wakati kiko ubavuni mwa injini.

Jina la tatu, "kipoza mafuta", lina sura ya Kiswahili kabisa. Ila katika mazungumzo ya magari mafuta ni petroli na dizeli. Dereva akisema anakwenda kuweka mafuta, hakuna anayefikiria oili. Kwa hiyo neno oili libaki, maana limeshapata kazi yake na kila mtu analijua.

Muundo wenyewe tumeuzoea. Tuna kipaza sauti, kinasa sauti, kipimajoto. Kipaza sauti kimetoka kwenye kitenzi -paa, kikawa -paza, kikaongezewa ki- mbele na jina la kinachopazwa nyuma. Kipoza oili kinapita njia hiyohiyo: -poa, -poza, kipoza, kisha oili. Angalizo ni moja: irabu ziandikwe kwa uangalifu. Kupoza ni kupunguza joto. Kupooza ni ugonjwa wa viungo kukosa nguvu. Herufi moja ikizidi, kifaa kinageuka mgonjwa.

Kuna sababu kubwa zaidi ya kulipenda neno hili, nayo ni maana yake. Mtu anayesikia jina la kifaa cha kupunguza joto anaweza kudhani kwamba oili ikizidi kuwa baridi ndivyo injini inavyozidi kuwa salama. Sivyo. Oili ya injini imetengenezwa kufanya kazi ikiwa ya moto. Ukisoma 10W-40 kwenye galoni, ile 40 ya mwisho inatokana na mnato uliopimwa oili ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi. Injini nyingi hupenda oili yake iwe kati ya nyuzi 90 na 110 hivi. Ikipanda sana inakuwa nyepesi mno, utando unaotenganisha beringi na kranki unapungua, na oili yenyewe inachakaa kabla ya wakati wake. Ikibaki chini sana, inakuwa nzito, na unyevu uliozaliwa na mwako haupati joto la kuuondoa. Fungua kifuniko cha kujazia oili cha gari la safari fupifupi za asubuhi ya baridi: mara nyingi utakuta uji mweupe chini yake. Huo ni mchanganyiko wa maji na oili.

Kwa hiyo kipoza kizuri hufungwa pamoja na thamostati. Oili ikiwa bado haijapata joto, thamostati huizuia isizunguke kwenye kipoza, ikipitisha kidogo tu. Ikifika nyuzi 80 na kitu, inafungua njia. Baadhi yetu tumezoea kung'oa thamostati ya maji kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Tabia hiyo isihamie kwenye oili. Bibi alipoza chai hadi inyweke, na hakuiacha kisahanini mpaka ikawa barafu.

Mfano ninaoupenda ni Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962 likiendeshwa na Tommy Fjastad. Injini yake haina maji wala rejeta. Inapozwa kwa upepo wa feni na kwa oili, na oili hiyo ni lita 2.5 tu. Kiwanda kiliweka kipoza oili ndani ya boksi la feni, lakini kikasimama katika njia ya upepo unaoelekea silinda ya 3, ikawa silinda hiyo inapata hewa ambayo tayari imebeba joto. Kuanzia injini za modeli ya 1971, kipoza kilitolewa njiani kikajengewa kibanda chake. Filta ya karatasi nayo haikuwepo. Palikuwa na wavu wa waya tu chini ya injini. Ndiyo maana wapenzi wa gari hili wamekuwa wakifunga wenyewe kipoza cha pili na filta inayokaa mbali na injini. Vifaa vya namna hii navipendekezea jina la vifaa vya nyongeza. Sokoni tumezoea kugawa spea mafungu mawili, jenuini na feki, na kifaa cha nyongeza hakimo katika lolote kati ya hayo. Kiwanda cha gari hakikukiweka, lakini kina mtengenezaji wake na ubora wake.

Kwa gari la kawaida la leo, kazi huanzia pale filta inapokaa. Filta inafunguliwa, na kati yake na bloku linawekwa bamba la kati, kipande kinene cha alumini chenye sili upande mmoja na matundu mawili ya mipira ubavuni. Mipira inakwenda kwenye kipoza mbele ya gari na kurudi. Filta ikiwa imebanwa nyuma ya ekzosi, mahali ambapo mkono hauingii bila kuungua, inaweza kuhamishwa. Nasema kuhamishwa, kwa maana kusogezwa hakutoshi. Anayesogea bado yuko nyumba ileile; filta hii inaacha makao yake, inapewa kikalio kipya ukutani mwa chumba cha injini, na makao ya zamani yanafunikwa kwa bamba lenye mipira. Gharama yake ni viungio vingi zaidi, na kila kiungio ni mahali panapoweza kuvuja.

Hatari kubwa zaidi imejificha kwenye maneno mawili. Chukua filta mpya, igeuze mdomo juu kiganjani. Utaona matundu madogo yamezunguka ukingoni, na tundu moja kubwa lenye nyuzi za skrubu katikati. Sukuma kwa ncha ya bisibisi ndani ya tundu dogo: mpira laini unainama, ukiachia unarudi. Hiyo ni vali. Oili huingia kwa matundu madogo ikiusukuma mpira, inachujwa, inatoka kwa tundu la katikati. Kurudi nyuma haiwezi. Sasa kikalio cha filta kimeandikwa kwa Kiingereza maneno ya kuingia na kutoka, na bamba la kwenye bloku nalo limeandikwa hayohayo. Kuingia wapi? Kutoka wapi? Oili inayotoka kwenye bloku ndiyo inayoingia kwenye filta. Fundi akiunganisha neno kwa neno lililofanana, oili itasukumwa kwa mlango wa kutokea, itakutana na mpira umefunga, na injini itakaa bila oili. Beringi hazisubiri kuambiwa samahani.

Hapa Kiswahili kinatupa jozi bora: kwenda na kurudi. Maneno haya yanadai kwanza tujue nyumbani ni wapi, na nyumbani kwa oili ni injini. Siku nilipofunga kipoza cha gari langu nilichukua utepe mweupe nikaandika kwenye kila mpira, ncha zote mbili: KWENDA, KURUDI. Nikamimina oili ya ziada ya kujaza mipira na kipoza, nikazungusha injini kwa stata bila kuiwasha hadi taa nyekundu ya oili ikazimika. Fundi aliyekuja kunisaidia hakuniuliza mpira upi ni upi. Alisoma utepe, akafuata kwa kidole kutoka bloku hadi kipoza na kurudi, akasema, "Haya, washa."