Chombo Kinachongoja Jibu: Lugha na Vifaa vya Kufundishia katika Shule za Kibera na Kawangware

Historia ya elimu mjini Nairobi imezoea kuhesabu vifaa: redio ngapi, vitabu vingapi, na katika miaka ya karibuni vishikwambi vingapi. Hesabu ya namna hiyo humfaa mhasibu wa wizara. Mtafiti wa lugha anataka kujua mambo mengine mawili: kifaa kilipoingia darasani kilizungumza lugha gani, na je, kilimwachia mtoto nafasi ya kujibu? Makala haya yanayafuatilia maswali hayo katika mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, tangu miaka ya 1950 hadi shule zilipofungwa mwaka 2020.

Mitaa hiyo hutajwa pamoja kwa sababu ya umaskini wa wakazi wake, ingawa asili zao ni mbalimbali. Kibera ilianza kukaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya mwitu. Wanubi walikuwa na lugha yao nyumbani na Kiswahili sokoni na msikitini. Baadaye walifika Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakisii na wengineo, na Kiswahili kikawa lugha ya ujirani. Kawangware, iliyoko upande wa Dagoretti, ilikua juu ya ardhi ya Wakikuyu wenyewe, na vyumba vya kupangisha ndivyo vilivyowakaribisha wageni. Hata hivyo, kwa habari ya lugha matokeo yalikuwa mamoja: mtoto alicheza kwa Kiswahili, na kuanzia miaka ya 1970 kwa Sheng, kisha akaingia darasani na kukuta Kiingereza.

Hali hiyo ya darasani ilipangwa. Mwaka 1957 kilianzishwa mjini Nairobi kituo maalumu cha kutayarisha masomo ya shule za msingi kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Mpango huo, uliokuja kujulikana kwa jina la New Primary Approach, ulileta picha za ukutani, kadi za maneno, michezo na shughuli za vikundi. Kwa maana kamili ya neno hilo ulikuwa teknolojia ya darasani, na tena iliyovutia: mtoto aliinuka kitini, akashika kitu, akasema. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Kamati ya Gachathi, katika taarifa yake ya mwaka 1976, ilishauri kwamba miaka mitatu ya mwanzo ifundishwe kwa lugha ya eneo la shule, jambo ambalo katika miji yenye makabila mengi lilimaanisha Kiswahili. Ushauri huo ulibaki zaidi katika maandishi, na shule za Nairobi zikaendelea na Kiingereza.

Jaribio lililo na mafunzo mengi zaidi halikufanywa Nairobi, bali katika shule za mashambani. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa msaada wa Marekani, iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika darasa la kwanza, la pili na la tatu. Mbinu yake ilitoka Nicaragua, ambako katika miaka ya 1970 redio ilitumiwa kufundisha hisabati. Redio ya shule ilikwisha kuzoeleka nchini Kenya, lakini ile ya zamani ilisema na darasa likasikiliza. Redio hii ilisema, kisha ikanyamaza. Iliuliza, na katika kimya kilichopimwa kwa sekunde watoto walijibu kwa pamoja, au mwalimu akamwita mmoja wao. Kisha sauti ikarudi na kulitaja jibu sahihi kana kwamba ilikuwa imewasikia. Kwa nusu saa kila siku darasa zima lilikuwa katika mazungumzo na mtu asiyekuwapo. Watoto waliofunzwa hivyo waliwashinda wenzao katika kusikiliza na kusoma. Mradi ulipokwisha haukuenezwa Kenya nzima, ila mbinu yenyewe ilihama: ilikwenda Lesotho, kisha Afrika Kusini.

Siri ya mbinu hiyo haipasi kumshangaza msomi wa fasihi simulizi. Msimulizi wa pwani husema "paukwa" na hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "pakawa". Hadithi haianzi kwa kusikilizwa. Huanza kwa kujibiwa. Wahandisi wa redio waligundua kwa vipimo na hesabu jambo ambalo bibi wa Lamu hulifanya jioni bila umeme. Tofauti ni moja, nayo ni nzito: anayeitikia "pakawa" anaitikia kwa lugha anayoiweza.

Sura ya pili ya historia hii inaanza Januari 2003, serikali ilipofuta karo katika shule za msingi za umma. Idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka kiasi cha milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Shule za umma zilizo pembezoni mwa Kibera, miongoni mwao Olympic, zilifurika. Hata hivyo watoto wengi wa Kibera hawakuwa katika shule hizo. Mtafiti Mwingereza James Tooley, ambaye ni mtetezi wa shule za binafsi na afaa kusomwa kwa kulikumbuka hilo, alizikuta ndani ya Kibera shule 76 za watu binafsi, makanisa na vikundi zikiwa na wanafunzi zaidi ya 12,000. Zilikuwa za mabati na udongo. Sera ya serikali baadaye iliziita shule za njia mbadala za elimu ya msingi. Wenyeji huziita tu shule za mtaani. Kwa shule hizo kifaa kilikuwa ubao, chaki, na kitabu kimoja kwa watoto kadhaa.

Ndiyo maana lilizungumzwa sana jaribio la Kawangware la mwaka 2011 na 2012, ambapo kampuni changa ya eLimu, iliyoanzishwa na Nivi Mukherjee, ilipeleka vishikwambi katika shule ya mtaani. Ndani yake mlikuwa na silabasi ya madarasa ya juu ya msingi iliyogeuzwa picha, nyimbo, video na maswali. Watoto waliinamia kioo kimoja wawili au watatu na kubishana juu ya jibu, na mabishano hayo hayakuwa katika mpango wa kampuni; yalitokana na uhaba wa vifaa. Mtu angeweza kusema kwamba uhaba huo ulikuwa mwalimu mzuri kuliko kifaa, maana ndio uliowafanya waseme. Baadaye kampuni hiyo hiyo ilitoa programu ya kujifunza kusoma yenye jina la Hadithi Hadithi!, mwito ule ule wa Kibara ambao haukamiliki bila mwitikio wake. Jina hilo ni dalili kwamba mtu fulani katika ofisi ya programu alikumbuka utoto wake.

Upande wa mashariki wa jiji, katika Mukuru kwa Njenga, palikuwa na mfano wa kinyume. Kampuni ya Bridge International Academies ilifungua shule yake ya kwanza huko mwaka 2009, na kifaa chake kiliwekwa mkononi mwa mwalimu, ambaye alifundisha kwa kufuata somo lililoandikwa mapema neno kwa neno, kwa Kiingereza. Wengi wamelaumu utaratibu huo kwamba unamgeuza mwalimu kuwa kipaza sauti. Lawama hiyo ina uzito, lakini msomi mwaminifu hawezi kuufumbia macho utafiti uliotolewa mwaka 2022 na kundi la wachumi, Michael Kremer akiwa mmoja wao, ulioonyesha kwamba wanafunzi wa shule hizo nchini Kenya walipata maendeleo makubwa katika mitihani kuliko wenzao. Utaratibu una nguvu. Jambo ambalo utafiti wa aina hiyo haulipimi ni mazungumzo: mtoto aliuliza nini, na kwa lugha gani.

Ushahidi mwingine watoka Kisumu, ambako mwaka 2013 Benjamin Piper na wenzake walilinganisha njia tatu za kutumia teknolojia katika kufundisha kusoma: vishikwambi kwa wakufunzi wanaowatembelea walimu, vishikwambi kwa walimu wenyewe, na vifaa vya kusomea kwa wanafunzi. Zote zilisaidia, ila haikuonekana kwamba kumpa mtoto kifaa kulizaa matunda zaidi ya kumpa mkufunzi, na gharama yake ilikuwa kubwa zaidi. Mpango wa kitaifa wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulilifuata somo hilo. Mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe, kimoja cha Kiingereza na kimoja cha Kiswahili. Kishikwambi kikapewa mkufunzi, naye alikitumia kuandika aliyoyaona darasani na kuzungumza na mwalimu baada ya kipindi. Zaidi ya hayo, Tusome ulizifikia shule za mtaani zipatazo 1,500 pamoja na zile za umma. Kwa mtoto wa Kibera au Kawangware, kuwa na kitabu cha Kiswahili asichogawana na mtu lilikuwa tukio kubwa kuliko kioo chochote.

Mpango mwingine wa taifa uliwapita. Mwaka 2013 serikali mpya iliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Baada ya zabuni ya kwanza kufutwa, vifaa vilianza kugawanywa mwaka 2016 vikiwa vishikwambi, na hatimaye zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 21,000. Zilikuwa shule za umma. Shule ya mabati ya Gatwekera au ya Gatina, ambayo haikuwa katika orodha ya wizara, ilivisikia katika habari. Yafaa kutajwa pia kwamba mpango huo ulitia katika magazeti maneno tarakilishi, kipakatalishi na kishikwambi, huku Watanzania wakiendelea kusema kompyuta bila haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimetoa tangu mwaka 2004 programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Istilahi zilikuwapo, basi. Lugha haikushindwa, haikuitwa.

Kwamba ingeweza kuitwa kunathibitishwa na Zanzibar. Kuanzia mwaka 2006 mbinu ile ile ya redio inayonyamaza ilitumiwa Unguja na Pemba kwa Kiswahili, katika vipindi vya Tucheze Tujifunze, kwa watoto wa umri wa chekechea waliokusanywa katika vituo vya kijamii ambavyo havikuwa na jengo la shule. Vituo hivyo vilifanana na shule za Kibera kwa kila kitu isipokuwa lugha iliyotoka katika redio. Nako Dar es Salaam, mwaka 2014, kikaanza kipindi cha televisheni cha Ubongo Kids, ambamo vikaragosi vilifundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili na mtoto akajibu maswali kwa arafa.

Machi 2020 shule za Kenya zilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2021. Taasisi ya mitaala ilirusha masomo kwa redio na televisheni ya taifa, mengi yakiwa kwa Kiingereza. Redio ilirudi kuwa mwalimu baada ya miaka arobaini, na kwa sehemu kubwa ilirudi ikiwa ile ya zamani isemayo tu. Huduma ya Shupavu 291 ya shirika la Eneza, iliyotolewa bila malipo kwa muda pamoja na kampuni ya simu ya Safaricom, ilikuwa na kipengele kimoja cha namna nyingine: mwanafunzi aliweza kumwandikia mwalimu swali kwa arafa, na mwalimu halisi akamjibu. Haikuhitaji kishikwambi wala intaneti, ila simu ndogo ya vitufe. Katika chumba kimoja cha Kibera simu hiyo kwa kawaida ni ya mzazi, na mzazi huondoka nayo alfajiri kwenda kutafuta kibarua. Swali la asubuhi huandikwa kwanza katika daftari, likangoja simu irudi jioni.